Fomu ya kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo inauliza "lugha ya kwanza". Niandike nini?

#1 Mwalimu_Kakuyuni
Salaam wanajamvi. Mimi ni mwalimu, niko Malindi. Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, nambari ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu) ninayo, na huu ni mwaka wa nne nafundisha shule ya binafsi. Ajira ya serikali nimeomba mara tatu. Sasa nimeamua kutafuta kazi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni nje ya nchi. Jana usiku nilikuwa najaza fomu ya shule moja ya Asia. Jina, pasipoti, elimu, yote yakaenda vizuri. Kisha nikafika kwenye kisanduku kilichoandikwa "lugha ya kwanza", nikakaa nacho nusu saa.

Nyumbani tulizungumza Kigiriama. Uwanjani, sokoni, kwenye matatu, Kiswahili. Kiingereza nilikutana nacho shuleni, na ndicho nilichosomea na ndicho kinachonilisha. Nikiandika Kigiriama naona nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nikiandika Kiingereza, bibi yangu aliyenilea nimemweka wapi?

Swali la pili: kuna cheti cha TEFL cha mtandaoni cha saa 120 nimekiona kwa bei ya gunia la mchele, na kuna CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ambayo bei yake ni ya kununua pikipiki. Ni kipi kinachofungua mlango? Fomu inafungwa Ijumaa.

#2 Bin_Mokowe
Andika Kiingereza, tuma, lala. Wakikupigia simu watasikia wenyewe kama unakijua.

#3 Kadzo_Watamu
Mwalimu, nianze na swali lako la pili kwa sababu nimelipitia mwenyewe. Nilifanya CELTA mwaka juzi kwa njia ya mtandao, sebuleni kwangu. TEFL si jina la cheti wala halina mwenyewe, ni jina la kazi tu: kufundisha Kiingereza kwa wasiokuwa wenyeji wa lugha hiyo. Ndiyo maana mtu yeyote anaweza kufungua tovuti akauza "cheti cha TEFL cha saa 120". CELTA ni ya Cambridge. Yake pia ni saa 120 kwa uchache, lakini ndani yake kuna saa sita za kufundisha wanafunzi wa kweli, wa viwango viwili tofauti, mkufunzi akikutazama na kukupima kila mara. Kuna saa sita nyingine za kuwatazama walimu wazoefu wakifundisha, na kazi nne za kuandika, kila moja maneno 750 hadi 1,000. Ukisoma kutwa ni wiki nne au tano. Trinity College London nao wana cheti chao, CertTESOL, kina uzito uleule.

Nikuambie lile lililonibadilisha. Somo langu la tatu lilikuwa kuhusu "I have lived". Nina wanafunzi saba kwenye skrini, na mmoja, mama wa Brazil, akasema "I live here since 2015". Mimi mwalimu wa miaka sita nikaingia kueleza. Nikaeleza wakati timilifu, nikaeleza tofauti yake na wakati uliopita, nikatoa mifano minne. Dakika kumi na moja. Nikamaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Wote wakatikisa kichwa. Mkufunzi aliniandikia hivi: umesema sana, na hukuuliza swali hata moja ambalo jibu lake lingekuonyesha kama wameelewa.

Usiku ule sikulala vizuri. Somo lililofuata nilichukua karatasi, nikachora mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito, nikatia nukta na kuandika 2015, kisha nikachora mshale hadi neno "leo". Nikaisogeza karatasi mbele ya kamera. Nikauliza maswali mawili tu: alihamia lini? Bado anaishi pale? Yule mama akanyamaza, akaitazama karatasi, akasema polepole "I have lived here since 2015". Hakuna aliyemsahihisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka sita nilikuwa nikihutubia watoto wa watu.

Kwa mafunzo hayo CELTA ina thamani ya kila shilingi. Lakini kama swali ni mlango, sitakuficha: nimetuma maombi mengi na bado niko Watamu. Nafundisha watu wazima kwa mtandao, jioni, stima ikikubali.

#4 Baharia_Langoni
Da Kadzo ameshajibu bila kukusudia. Cheti anacho na bado yuko Watamu. Tatizo si cheti, ni pasipoti. Korea Kusini kwa mfano, viza yao ya walimu wa lugha, E-2, ni kwa raia wa nchi sita tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia na New Zealand. Ukiwa Mkenya hata uwe na shahada ya tatu ya Kiingereza hutajwi.

#5 Mama_Zuhura
@Baharia_Langoni ni saba, umeisahau Afrika Kusini. Na hilo ndilo linaloniuma. Si rangi, wala si bara. Wameitazama nchi ya Afrika yenye lugha rasmi chungu nzima, Kiingereza ni mojawapo tu, na wengi wao nyumbani wanazungumza Kizulu au Kixhosa, wakasema hawa ni wenyeji wa Kiingereza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa Kenya anafanya mtihani wa hesabu kwa Kiingereza. Sisi tumekosa nini ambacho wao wanacho?

China nao kanuni yao ni kwamba mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama. Kwa hiyo kile kisanduku cha Mwalimu si cha mapambo. Kuna nchi ambako jibu lake ndilo linaloamua.

#6 Bin_Mokowe
Ndiyo nikasema aandike Kiingereza alale. 😄

#7 Nahodha_Matondoni
Assalaam alaikum. Nyote mnatazama mashariki ya mbali, na jirani yetu wa tangu enzi za jahazi mmemsahau. Nilifundisha Kiingereza Muscat, Oman, miaka mitano. Hakuna aliyeniuliza CELTA. Waliuliza shahada ya ualimu, miaka ya uzoefu, na barua za shule nilizofanyia kazi. Cheti cha wiki nne mbele ya shahada ya miaka minne ya B.Ed ni kama kofia juu ya kilemba. Mwalimu_Kakuyuni, ulicho nacho tayari ndicho wanachokitaka Ghuba.

Kazi kubwa ni karatasi. Cheti cha tabia njema unaomba kwenye eCitizen, shilingi 1,050, kisha alama za vidole. Shahada inapigwa mihuri mpaka ifike Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Mimi nilisafiri kutoka Lamu mara mbili kwa ajili ya muhuri mmoja. Mara ya kwanza niliambiwa jina langu kwenye shahada lina "h" na kwenye pasipoti halina. Boti, basi kupitia Garsen, usiku mzima hadi Nairobi, kwa herufi moja. Kagua herufi zako kabla hujatoka nyumbani.

#8 Baharia_Langoni
Nakubali ni saba, ahsante Mama Zuhura. Afrika Kusini imo, hoja yangu inazidi nguvu.

#9 Kijana_Silversands
Hamjambo wakubwa. Mimi sina shahada. Nimeishia kidato cha nne, nina C+, nafanya kazi na watalii hapa Malindi. Kiitaliano nazungumza, Kiingereza nazungumza na nakiandika, nimejifunza kwa watu na kwa vitabu vya wageni wanavyoacha hotelini. Hii CELTA wanaweza kunipokea au ni ya wenye digrii peke yao? Msinicheke.

#10 Kadzo_Watamu
Hakuna wa kukucheka mdogo wangu. CELTA haidai shahada. Wanataka elimu ambayo ingekuruhusu kuingia chuo cha juu, na Kiingereza cha kiwango cha juu kabisa. Kabla ya kupokewa unapewa kazi ya kuandika ya maswali ya sarufi, kisha mahojiano. Wengi huanguka hapo, na si kwa sababu hawajui Kiingereza. Huwa hawajawahi kujiuliza kwa nini wanasema wanavyosema. Utaulizwa, "must" na "have to" zinatofautianaje? Anza kujibu maswali ya namna hiyo kwenye daftari kuanzia leo.

Shida yako itakuja baadaye. Nchi nyingi, Vietnam na Thailand zikiwamo, hudai shahada ili wakupe kibali cha kazi. Shahada ya fani yoyote, lakini iwepo. Kwa hiyo cheti unaweza kukipata na viza ikakukwepa.

#11 Mzee_Ngomeni
Huyu kijana wa Silversands amenikumbusha mbali. Kiitaliano cha Malindi hakikuanzia hotelini. Kilianzia kwetu Ngomeni, Waitaliano walipokuja na ile mitambo ya San Marco baharini kurusha setilaiti, mwaka 1970. Baba yangu alifanya kibarua pale. Kiitaliano alikipata kwa kubeba vyuma na kula pamoja na mafundi. Hakuna aliyempa cheti, na mafundi wapya wakija yeye ndiye aliyewatafsiria. Lugha ni kazi, wanangu. Mtu hufundishwa na haja.

#12 Mama_Zuhura
Mzee shikamoo. Setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa la Ngomeni ilirushwa 1967, mwezi wa Aprili. Hiyo ya 1970 ni ile ya Desemba, setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa tarehe 12, siku yetu ya uhuru.

#13 Mzee_Ngomeni
Marahaba binti. Umesema kweli, hiyo Uhuru ndiyo niliyoiona kwa macho yangu, ndiyo maana ikanikaa. Ya 1967 nilikuwa mgongoni.

#14 Bint_Shela
Kabla uzi haujahamia angani, naomba niseme kuhusu mawakala. Dada yangu alipewa ahadi ya kufundisha chekechea nje. Wakala alimtaka shilingi 85,000 za "usajili na mafunzo ya TEFL". Mafunzo yenyewe ni faili moja la kurasa arobaini lililotumwa kwa WhatsApp. Cheti kikaja siku iyo hiyo, jina limekosewa. Viza aliyoletewa ni ya utalii, akaambiwa ataibadilisha akishafika. Mama yetu alimkataza kupanda ndege. Tulilia nyumba nzima siku ile, tukimwona mama katili. Leo tunamshukuru. Pesa hazikurudi.

Yeyote anayesoma hapa: wakala wa ajira za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha unaweza kuitazama kabla ya kutoa hata senti. Na mtu akikwambia uende kufanya kazi kwa viza ya utalii, zima simu.

#15 Mrudi_Bangkok
Nimesoma tangu mwanzo na nikaona niingie. Nilifundisha Thailand miaka mitatu, nimerudi Malindi kwa sababu za kifamilia. Wakenya tupo kule, na Wakameruni, na Wafilipino wengi sana. Mlango upo, ila ni wa upande. Kwa kuwa sisi hawatuhesabu wenyeji wa Kiingereza, shule yangu ilinitaka nifanye TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza. Shahada yangu yote niliisoma kwa Kiingereza, na bado niliketi ukumbini na vipokea sauti masikioni nikisikiliza mazungumzo ya kununua tiketi ya treni. Nilipita, nikapewa kazi, mshahara ukawa chini ya Mwingereza wa meza ya jirani ambaye hakuwahi kusomea ualimu. Mzungumzaji yeye, mwalimu mimi.

Halafu, muhula wa pili, wazazi walianza kuomba watoto wao wahamishiwe darasa langu. Sijui ni kwa nini hasa. Labda kwa sababu mimi pia nilijifunza lugha hii kwa jasho, najua inapouma. Mtoto wa Kithai akishindwa kutamka "r" simshangai. Kwetu Wamijikenda wangapi wanabadilisha "r" na "l"?

Kuhusu lugha ya kwanza: mimi niliandika Kiswahili. Nilipata kazi hivyo hivyo.

#16 Baharia_Langoni
@Mrudi_Bangkok umesema mwenyewe mshahara ulikuwa chini. Basi ni pasipoti, tumerudi palepale.

#17 Nahodha_Matondoni
Si pasipoti peke yake. Ni lafudhi. Pale Muscat wazazi walikuwa wakipiga simu shule kabla ya kulipa karo ili wamsikie mwalimu. Kwa pasipoti yangu ileile, baadhi yao waliposikia sauti yangu walisema "huyu huyu". Wengine walikata simu.

#18 Maalim_Mkomani
Salaam. Nina mawili, kisha nitawaachia jamvi.

La kwanza ni la sarufi, kwa Da Kadzo. Mstari wako na nukta yako ni somo zuri kweli. Ila nimewasikia walimu wetu wengi wakieleza "have lived" kwa kusema ni "-me-" ya Kiswahili, na "lived" ni "-li-". Hapo tahadhari. "Ameishi hapa tangu 2015" inakubali. Lakini "amelala" mtu akikuambia sasa hivi, maana yake yuko usingizini. Ukimfasiria "he has slept" umempoteza mtu. "Amesimama", "amevaa kanzu", "amechoka", zote ni hali iliyopo. "-Me-" yetu ina kazi mbili na Kiingereza kimezigawa. Mwalimu anayezijua zote mbili ana kitu ambacho mzaliwa wa London hanacho.

La pili. Mnahangaika kwa nini kwenda kuuza cha watu? Sisi Waamu wazazi wetu walisema "moya", "mato", "nti", na shuleni tukafundishwa kwamba ni "moja", "macho", "nchi". Kiswahili cha vitabu chenyewe tumejifunza kama lugha ya pili, ndani ya mji uliowalea washairi wake. Kwa hiyo kufundisha lugha kwa mgeni tunakuelewa kuanzia ndani. Kuna mpango wa Fulbright unaoitwa FLTA, unawachukua vijana walimu, na walimu wa Kiingereza wamo, kwenda Marekani kufundisha Kiswahili chuo kikuu kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha wanarudi nyumbani. Wageni wanakuja hapa Lamu, wanakodi dari, wanalipa kujifunza Kiswahili. UNESCO imekitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Kisanduku hicho cha "lugha ya kwanza" kingekuwa cha Kiswahili, nusu yetu tungekijaza bila kufikiri.

#19 Mwalimu_Kakuyuni
Maalim, nusu hiyo mimi simo. Kwangu mimi Kiswahili nacho ni cha pili. Lakini nimekuelewa.

Nawashukuru wote. Ya -me- nitaitumia darasani Jumatatu. Nahodha, shahada yangu na pasipoti nimezitoa kabatini sasa hivi, majina yanalingana. Ila cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo kwingine halipo.

#20 Nahodha_Matondoni
Kalitengeneze hilo kabla ya jambo lingine lolote.

#21 Kadzo_Watamu
Maalim ahsante, na nakiri nilishawahi kufundisha hivyo, kwa "-me-" na "-li-", kabla ya kozi. Ila hilo la kuacha Kiingereza silikubali. Nakipenda. Nimekisoma kwa mapenzi, kwa kibatari, tangu mtoto. Kwa nini niambiwe ni cha watu? Mama wa Brazil aliyesema "since 2015" hakuniuliza nimezaliwa wapi.

#22 Maalim_Mkomani
Nimekusikia binti yangu. Neno "cha watu" nalirudisha.

#23 Kijana_Silversands
Da Kadzo, "must" na "have to" nimekaa nazo tangu asubuhi. Nadhani "must" ni mimi mwenyewe ninayejilazimisha, na "have to" ni kanuni ya mtu mwingine inayonibana. Lakini ukikanusha inakuwa kitu kingine kabisa. "You must not enter" umekatazwa. "You don't have to enter" una hiari, ukitaka ingia. Kwa nini zikikanushwa zinaachana hivyo?

#24 Kadzo_Watamu
Mdogo wangu! Hilo swali ni la ndani kabisa, na umelifikia peke yako. Liandike kwenye daftari. Jumamosi alasiri nipo Malindi, njoo na hilo daftari tulizungumze. Yeyote mwingine anayetaka kufanya mazoezi ya kufundisha mbele ya watu na aje, tutapeana zamu za dakika ishirini. Anayesikiliza haruhusiwi kusema "nzuri" peke yake, lazima aseme nzuri kwa nini.

#25 Mama_Zuhura
Nitakuja, na nitaleta kaimati. Mwalimu_Kakuyuni, kile kisanduku umekijaza?

#26 Mwalimu_Kakuyuni
Bado. Usiku nilimpigia bibi, nikamweleza. Akaniuliza, "Hao watu wanataka uwafundishe Kigiriama?" Nikasema la. Akasema, "Basi si watakuuliza unachokijua?" Kisha akataka kujua huko kuna baridi kiasi gani.

Nimejaribu kuandika "Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza". Fomu inakataa, inataka neno moja.

#27 Bin_Mokowe
Jaribu kutia kistari katikati badala ya mkato na nafasi. Fomu yangu ya bandari ilikubali hivyo.